Baiskeli mpya ya milimani ya bei nafuu: vidole vinagusa tairi, breki inasugua, na magoti yanauma

MgeniWaGia (Mbeya)

Habari za kazi wanajukwaa, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Naomba ushauri kuhusu baiskeli ya milimani niliyoinunua ikiwa mpya katika duka moja la hapa mjini. Ni baiskeli ya bei ya chini yenye magurudumu ya inchi 26, fremu ya chuma iliyobandikwa inchi 17, foku ya mbele (uma unaoshika gurudumu) yenye springi, breki za diski zinazovutwa kwa waya mbele na nyuma, na gia 21, yaani visahani vitatu mbele na saba nyuma. Ilikuja ndani ya boksi ikiwa imefungwa nusu, na kijana wa dukani aliimalizia kuifunga huku nikisubiri. Jina lililoandikwa kwenye fremu silitaji, kwa kuwa nimeona majina mengi tofauti juu ya baiskeli ambazo kwa macho yangu ni ile ile.

Kazi yangu ni ya ugani, hivyo naitumia kutoka Uyole kwenda mashambani, kwenye barabara za vumbi zenye mawe na vilima virefu, mara nyingine nikiwa na mzigo mdogo wa mbegu nyuma. Kero zangu ni hizi. Ninapokata kona kwa mwendo wa polepole, ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele, na mara mbili tatu nusura nianguke. Ninapopanda mlima taratibu, usukani unapenda kuangukia upande mmoja, nami nalazimika kuurudisha kwa nguvu kila mara. Breki ya mbele inasugua muda wote hata nisipoigusa. Pedeli ya kushoto hulegea kila ninapokwenda safari ndefu kidogo. Nimeikaza mara nyingi, na sasa inacheza ndani ya mkono wa krenki, yaani kile chuma kinachobeba pedeli. Mnyororo huchomoka kwenye kisahani kidogo kabisa cha nyuma na kuingia kati yake na fremu. Zaidi ya hayo, magoti yananiuma upande wa mbele baada ya kupanda mlima, na nilipojaribu kuinua kiti nilikuta nguzo yake imekwisha kufika kwenye alama ya kikomo.

Muuzaji anasema tatizo lote ni kwamba fremu ni ndogo kwangu, na yuko tayari kunibadilishia kwa inchi 19 endapo nitaongeza fedha. Rafiki yangu mmoja yeye anashauri ninunue shingo ndefu zaidi ya usukani (kipande kinachounganisha usukani na foku) ili nikae mbali na gurudumu la mbele. Urefu wangu ni sentimita 178, na urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, ni sentimita 84. Nimeambatanisha picha tatu, zote zimepigwa kutoka upande wa kulia, kwenye mnyororo. Je, ni kweli kwamba fremu ni ndogo, au kuna jambo lililofungwa vibaya?

FundiShingo (Arusha)

Ndugu, usiongeze hata shilingi moja kabla hujarudi kuitazama picha yako ya pili. Umepiga kutoka upande wa mnyororo, nami naiona diski ya breki ya mbele pamoja na kalipa yake (kifaa kinachoibana diski), tena kalipa iko mbele ya mguu wa foku. Katika baiskeli iliyofungwa sawasawa vitu hivyo haviwezi kuonekana namna hiyo, kwa sababu kalipa ya mbele hukaa upande wa kushoto wa mpandaji, nyuma ya mguu wa foku. Foku yako imegeuzwa nyuma mbele. Kosa hili ni la kawaida mno kwa baiskeli zinazosafirishwa kwenye maboksi, maana kiwandani foku hugeuzwa ili boksi liwe fupi, na anayefungua boksi kwa haraka huweka gurudumu na kukaza usukani bila kuirudisha foku mahali pake.

Tazama jinsi kosa hilo moja linavyoeleza kero zako kadhaa. Ekseli ya mbele haikai kwenye mstari wa bomba la usukani. Husogezwa mbele yake kwa takriban sentimita 4 katika foku nyingi za aina hii. Ukiigeuza foku, ekseli inahamia nyuma ya mstari huo kwa kiasi kile kile, kwa hiyo gurudumu la mbele limesogea kuelekea miguu yako kwa karibu sentimita 8. Ndiyo maana kiatu kinagusa tairi. Usukani kuangukia upande ukiwa kwenye mwendo mdogo ni matokeo ya jambo lilo hilo, kwa sababu sehemu ambapo tairi linagusa ardhi sasa iko nyuma sana ya mahali ambapo mstari wa usukani ungekutana na ardhi, na gurudumu linakuwa zito kurudi katikati. Shingo ndefu ya usukani isingesaidia chochote hapo. Ingekusogeza wewe mbele huku ekseli ikibaki mahali pabaya. Hatari iliyo kubwa zaidi hukuitaja: foku ikibonyea kwenye shimo, tairi linaweza kupiga bomba la chini la fremu na gurudumu likasimama ghafla. Tafadhali usishuke mlima kwa baiskeli hiyo mpaka uirekebishe.

Kuirekebisha hakuhitaji fundi mkubwa. Angalia kwanza usukani wako umeshikwa kwa njia gani. Ikiwa shingo ya usukani imelikumbatia bomba la foku kwa bolti mbili za pembeni na juu kuna kifuniko chenye bolti moja, legeza waya wa breki kwenye kalipa, toa gurudumu la mbele, kisha legeza zile bolti mbili za pembeni tu, kwa kawaida kwa spana ya Allen (ya pembe sita) ya milimita 5. Kifuniko cha juu kiache kwanza ili foku isidondoke. Igeuze foku nusu mzunguko hadi kalipa iwe kushoto na nyuma, ukihakikisha waya wa breki haujajizungusha shingoni mwa fremu. Ikiwa ni aina ya zamani, ambayo nguzo ya usukani inazama ndani ya bomba na ina bolti moja ndefu juu, legeza bolti hiyo mizunguko mitatu hivi, iwekee kipande cha mbao na uigonge mpaka kabari ya ndani iachie, ndipo ugeuze. Katika aina hii ya pili, alama ya kikomo kwenye nguzo ya usukani ni lazima ibaki imezama ndani.

Rudisha gurudumu diski ikiwa kushoto. Kwenye ubavu wa tairi kuna mshale wa mwelekeo, na bila shaka kwa sasa unaelekea nyuma, kwa kuwa gurudumu lako nalo lilipinduliwa ili diski iifuate kalipa. Hapo sasa mpangilio wa kukaza una maana kubwa, na ndipo wengi wanapoharibu: katika aina ya bolti mbili, kazi ya kifuniko cha juu ni kuziminya beringi za shingo ya fremu, hakishiki usukani. Kikaze kwanza, bolti za pembeni zikiwa bado zimelegea, mpaka mtikisiko uishe lakini foku izunguke kwa wepesi. Kisha nyoosha usukani na gurudumu. Ndipo ukaze zile za pembeni kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza za pembeni kwanza, kifuniko hakifanyi kazi yoyote hata ukikikaza mpaka nyuzi za bolti ziishe. Kwa kupima, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na kidole kiwe kwenye ungio la shingo ya fremu na foku. Ukisikia mgongano mdogo, beringi bado zimelegea.

Sasa breki. Huenda kusugua kutaisha penyewe, kwa sababu waya uliozungushwa pamoja na foku huwa umevutika na kuushikilia mkono wa kalipa nusu ya njia. Kama hakutaisha, sikiliza aina ya mlio. Mlio unaokuja na kupotea kila mzunguko una maana kwamba diski imepinda, nayo hunyooshwa polepole kwa spana safi isiyo na grisi. Mlio wa mfululizo una maana kwamba kalipa haiko katikati. Kwa mlio wa mfululizo, hakikisha kwanza ekseli imekaa hadi mwisho wa nafasi zake pande zote mbili, kisha legeza bolti mbili zinazoishika kalipa kwenye foku. Breki nyingi za waya za bei hii husukuma pedi moja tu, ile ya nje, ambayo huipinda diski kidogo mpaka ikutane na pedi ya ndani isiyotembea. Kwa hiyo pedi ya ndani ndiyo ya kuanza nayo: isogeze kwa kirekebishio kilicho upande wa spoki mpaka iwe karibu kabisa na diski bila kuigusa, bana mkono wa breki, kaza bolti za kalipa ukiwa bado umebana, ndipo urekebishe waya. Usiache vidole karibu na diski inayozunguka, na usiruhusu grisi wala mafuta ya mnyororo yaifikie. Diski iliyochafuka isafishwe kwa spiriti. Pedi zikilowa mafuta, mara nyingi hakuna dawa ila kununua nyingine.

Pedeli ya kushoto inanitia wasiwasi zaidi kuliko breki. Nyuzi zake zimekatwa kinyume na za kulia, na kwenye ncha ya ekseli ya kila pedeli kuna herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Zote mbili hukazwa kwa kuzungusha spana ya milimita 15 ili ncha yake ya juu ielekee mbele ya baiskeli, na hufunguliwa kwa kuelekea nyuma. Ukishika kanuni hiyo hutahitaji kukumbuka saa wala kinyume cha saa. Ikiwa zilibadilishwa upande, au ya kushoto ililazimishwa kwa spana ndefu bila kuanzwa kwa vidole, nyuzi za mkono wa krenki zimeshaliwa. Ifungue utazame. Ukikuta vipande vyembamba vya chuma kama vinyoleo, acha kuikaza, kwani kila unapoikaza unamalizia nyuzi zilizobaki.

Kuhusu mnyororo, kibadilishio cha gia cha nyuma kina skurubu mbili ndogo zenye alama H na L. Ile ya H huzuia mnyororo usipite kisahani kidogo kwenda nje, na kuizungusha kwa mwendo wa saa, robo mzunguko kwa wakati, hupunguza nafasi hiyo. Hata hivyo usiiguse kabla hujathibitisha kwamba gurudumu la nyuma limekaa sawa na kwamba kile kibao kinachobeba kibadilishio kimekazwa na hakijapinda. Katika baiskeli nyingi za bei nafuu kibao hicho hubanwa pamoja na nati ya ekseli, kwa hiyo nati ikilegea kila kitu kinahama, na utaendelea kurekebisha skurubu bure. Kikague pia kwa kusimama nyuma ya baiskeli: vigurudumu viwili vya kibadilishio vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja na kisahani kilicho juu yake. Skurubu ya L ikaguliwe kabla ya safari ya mlimani, maana mnyororo ukipita kisahani kikubwa unaingia kwenye spoki, na hapo huvunjika vitu ambavyo bei yake haiko mbali na nusu ya bei ya baiskeli.

Suala la magoti na kiti nawaachia wanaolijua vizuri zaidi. Ninachosisitiza ni kwamba usipime kimo cha kiti wala urefu wa fremu mpaka foku irudi mahali pake, kwa sababu baiskeli iliyo na foku iliyogeuzwa imebadilika hata mwinamo wa kiti.

BiPwani (Tanga)

Namuunga mkono Fundi katika yote aliyosema, na ninaongeza kuhusu mwili.

Maumivu ya mbele ya goti, hasa baada ya kupanda mlima, kwa kawaida huashiria kiti kilicho chini mno. Maumivu ya nyuma ya goti huelekea kuwa ya kiti kilicho juu mno. Njia rahisi ya kupata kimo cha kuanzia ni kuegemea ukuta, kuvaa viatu unavyopandia, na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha kanyagio hadi kwenye unyayo wa mbele, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho unachokitaka. Wapo wanaotumia hesabu ya kuzidisha urefu wa mguu wa ndani kwa 0.883, na kwako jibu ni takriban sentimita 74 kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti, ukipima sambamba na nguzo ya kiti. Hesabu hiyo ni mwanzo tu, lakini inatosha kutuonyesha tatizo lako liko wapi.

Fremu ya inchi 17 ina takriban sentimita 43 kutoka katikati ya krenki hadi mdomo wa bomba la kiti, endapo kiwanda kimepima hivyo. Tukitoa 43 kutoka 74, zinabaki 31, na kiti chenyewe pamoja na reli zake huchukua 5 au 6. Kwa hiyo nguzo itahitaji kuchomoza karibu sentimita 25 nje ya fremu. Nguzo zinazokuja na baiskeli hizi mara nyingi zina urefu wa sentimita 30 au hata pungufu, maana yake ni kwamba ndani zingebaki 5 tu. Hizo hazitoshi kabisa: nguzo inaweza kupasua mdomo wa bomba la fremu, au kukatika nawe ukiwa juu yake. Nguzo ya sentimita 35 itabakiza 10 ndani, na ya 40 ni bora zaidi kwa mtu anayepita kwenye mawe, kwa kuwa mwisho wake unashuka chini ya ungio la bomba la juu, mahali ambapo fremu ina nguvu.

Unapokwenda dukani usikadirie unene wa nguzo kwa macho. Chomoa ya zamani usome namba iliyogongwa karibu na alama ya kikomo, kama vile 25.4, 27.2 au 28.6. Tofauti ya 0.2 ya milimita inatosha kuifanya nguzo ishuke polepole ukiwa safarini, na mpandaji akadhani kibano ndicho kibovu. Ipake grisi kabla ya kuirudisha, kwa sababu mvua za kwenu huko Nyanda za Juu Kusini hazitaichelewesha kutu.

Kimo kikiwa sawa, ndipo usogeze kiti mbele au nyuma kwenye reli zake. Weka mikono ya krenki ilale sambamba na ardhi, kisha ning'iniza timazi la fundi uashi kutoka mbele ya kifuu cha goti la mguu ulio mbele. Kamba ikipita karibu na ekseli ya pedeli, uko mahali pazuri pa kuanzia. Kiti chenyewe kilale sawa kwa pima maji. Usijaribu kutatua umbali wa usukani kwa kusogeza kiti, kwani utakuwa umeyauza magoti ili kununua mikono. Kiti kikipanda, usukani utaonekana kuwa chini zaidi, na kama mgongo utalalamika, usukani ulioinuka pembeni ni wa bei ndogo kuliko shingo mpya.

Kuhusu muuzaji, nitatofautiana kidogo na Fundi. Kwa kimo cha sentimita 178, inchi 17 ni fremu ndogo kidogo, ingawa watu wengi huchagua makusudi fremu ndogo kwa njia mbaya, kwa sababu hurahisisha kuushusha mguu. Angekubadilishia bila malipo ningekwambia uchukue inchi 19, ukikagua kwamba ukisimama juu ya bomba la juu bado unabaki na nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati ya bomba na msamba. Lakini kuongeza fedha ili upewe baiskeli nyingine iliyofungwa na mikono ile ile, hapana.

Mtumba26 (Dar es Salaam)

Mimi naona mnampotezea ndugu yetu muda na fedha. Baiskeli hiyo aiuze akanunue iliyotumika kutoka kwenye makontena ya Japani au Ulaya, yenye foku ngumu isiyo na springi na breki za kubana ringi. Foku ya springi ya bei hii ni uzito tu. Inaruka ikirudi, haina chochote cha kuituliza. Na kama nguzo ya kiti inacheza, kipande cha kopo la soda hukatwa na kuzungushwa ndani, watu wanapanda miaka.

FundiShingo (Arusha)

Kaka, kuhusu foku nakubali; kama angekuwa hajanunua, nami ningemwelekeza huko huko. Hata hivyo za makontena nazo zina mitego yake, kwa kuwa anayenunua kwa macho hukuta nguzo ya kiti imeganda ndani ya fremu, au ringi iliyolika na breki mpaka ubavu wake umekuwa mwembamba na unaingia ndani ukiupitishia kidole. Yeye tayari ana baiskeli mpya ambayo kosa lake kubwa linarekebishwa kwa spana moja.

Kipande cha kopo sikikubali kwa nguzo iliyochomoza sentimita 25. Ukanda mfupi mdomoni mwa bomba huibana nguzo sehemu moja tu, na chini inaendelea kucheza. Viko vibomba vya kupunguza kipenyo vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo, virefu, na mdomo wake umekunjwa ili visizame.

MgeniWaGia (Mbeya)

Nawashukuru sana nyote. Foku ilikuwa imegeuzwa kama Fundi alivyosema, na mshale wa tairi ulikuwa unaelekea nyuma. Ni aina ya bolti mbili za pembeni. Baada ya kuigeuza, kiatu hakifiki tena kwenye tairi hata nikikata usukani hadi mwisho, na mlimani usukani umetulia. Breki imeacha kusugua isipokuwa mlio mdogo unaokuja na kupotea, hivyo nitainyoosha diski. Nguzo ya kiti imegongwa 28.6, na hapa Mwanjelwa nimepata ya sentimita 35.

Lililobaki ni pedeli. Niliifungua nikakuta vinyoleo vya chuma vilivyotajwa, na sasa inaingia yenyewe bila kuzungushwa hadi karibu nusu ya nyuzi zake. Pedeli zilikuwa pande zake sahihi. Fundi mmoja wa mtaani amependekeza aichomelee kwa umeme kwenye mkono wa krenki ili tumalize kazi. Je, niruhusu?

FundiShingo (Arusha)

Usiruhusu, ndugu. Joto la kuchomelea litayeyusha grisi na kuharibu gololi za pedeli, na siku pedeli itakapokwisha itabidi utupe mkono mzima. Zaidi ya hayo, huwezi kujua kama imechomelewa ikiwa imenyooka, na pedeli iliyopinda kidogo itakurudishia maumivu ya goti ambayo Bi Pwani amehangaika kuyaondoa.

Nunua mkono wa kushoto wa krenki peke yake. Katika baiskeli yako bila shaka ni ule unaokaa juu ya ekseli yenye ncha ya mraba, na nyuma yake pamegongwa urefu, mara nyingi 170, yaani milimita 170. Nunua wa urefu ule ule, kwani mikono isiyolingana huonekana magotini. Nyuzi za pedeli yake zitakuwa za inchi 9/16. Kuutoa wa zamani, fungua bolti au nati ya katikati, kisha tumia kivutio cha krenki, kifaa kinachoingia kwenye nyuzi za mkono na kuusukuma utoke. Hakikisha washa (kile kiduara cha chuma chini ya bolti) imetoka pamoja na bolti, maana ikibaki ndani kivutio kitavunja nyuzi. Usiupige nyundo, kwa sababu unaoupiga hasa ni beringi za krenki. Kama hakuna anayemiliki kivutio hapo mtaani, ulizia kwa mafundi wanaoshughulika na baiskeli za makontena, wao hawawezi kufanya kazi bila hicho.

Kuna njia nyingine, ya fundi kereza kupanua tundu na kuweka kikombe chenye nyuzi mpya za kushoto, lakini kwa mkono wa chuma wa bei ya chini gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya mkono mpya. Pedeli yenyewe ikague pia. Kama nyuzi zake zimelala, isiingie kwenye mkono mpya hata kwa dakika moja, maana itaziharibu nyuzi mpya kama ilivyoharibu za kwanza. Zipake grisi, zianze kwa vidole mizunguko mitatu au minne, na ikikataa kuingia kwa vidole, itoe uanze tena.

Mkono mpya hulegea kidogo baada ya safari za mwanzo kwa sababu unaendelea kukaa kwenye ule mraba, kwa hiyo rudia kuukaza bolti yake mapema; ukipandwa ukiwa umelegea, tundu la mraba huwa duara na hakuna tena wa kuurekebisha. Siku hiyo hiyo shika spoki mbili mbili, uzibane kwa vidole kuzunguka gurudumu lote, kwani magurudumu ya kiwandani hukazwa kwa mashine na kuna ambazo zitakuwa zimelegea. Zungusha pia ekseli ya kila gurudumu kwa mkono, gurudumu likiwa nje. Ikikwaruza, koni (nati zinazobana gololi za ekseli) zimekazwa mno au grisi ni kidogo, na kwa vile frii (kile kifungu cha nyuma) ya visahani saba huiacha sehemu ndefu ya ekseli upande wa kulia bila beringi ya kuishikilia, hapo ndipo ekseli ya nyuma hupinda ukibeba mbegu.

Jambo la mwisho, kwa kuwa siku ya pancha itafika: tairi lako ni la inchi 26, na ubavuni patakuwa na namba kama 50-559. Hiyo 559 ndiyo ya kumtajia mwenye duka. Lipo tairi la baiskeli za zamani linaloitwa pia 26, lakini limeandikwa 26 x 1 3/8 na namba yake ni 590, na halitakaa kwenye ringi yako. Zile za 28 x 1 1/2 za baiskeli kubwa za mizigo ni 635. Kisha angalia mdomo wa tyubu: kama tundu la ringi limetobolewa kwa valvu nene kama ya gari, tyubu yenye valvu nyembamba ya baiskeli za mbio itacheza tunduni mpaka ikatike shingo.